Diski Iliyotoka Ukutani

Kompyuta ya zamani iliwaka ndani ya kompyuta mpya: skrini ya buluu, mlio mmoja, kisha kimya.

"Imekataa tena," alisema Hessa.

Ami Marzuq, ndugu wa baba yake, alitema kokwa ya tende. "Achana nayo, binti yangu. Imekaa ukutani miaka yote hiyo. Hata mimi ningekataa."

Hessa alianza upya. Kwanza alipakia programu ya msingi aliyoinakili kutoka kwenye chipu ya mashine ya zamani. Bila hiyo, kompyuta ya zamani, inayoigizwa ndani ya ile mpya, haiwaki. Kisha akapakia nakala ya diski. Mafundi waliobomoa shule ya mtaani Jahra ndio walioikuta diski hiyo, ndani ya ukuta wa chumba kilichokuwa ofisi ya askari wavamizi wakati Kuwait ilipovamiwa. Mtaa mzima uliamini kilichomo ni majina ya majirani, yaliyoandikwa na jirani kwa ajili ya askari hao. Baba yake Hessa alichukuliwa alfajiri, akiwa na nguo za kulalia. Hakurudi.

"Ina kufuli," alisema. "Lazima ushikilie kitufe fulani wakati inawaka, na anayekijua ni aliyeiandika tu. Ikifunguka, tutamjua aliyemuuza baba."

"Usinitazame mimi. Mashine niliyoijua wakati ule ni pampu ya maji tu."

Hessa alicheka. Huyu ndiye aliyemlea. Wiki hiyo ami zake wengine na wazee wa mtaa walikuja mmoja mmoja, wakanywa kahawa, wakamtazama akijaribu kitufe baada ya kitufe, wakaondoka. Sasa alitaka kummiminia Ami kahawa tena, lakini yeye akatikisa kikombe: ametosheka.

Kibodi ya zamani ilikuwa imechorwa kwenye skrini, upande wa chini. Hessa alijaribu herufi, kisha namba. Ami aliendelea na tende zake. Hessa akasogeza kishale pembeni, kuelekea kitufe cha kubadili herufi ziwe za Kiarabu.

"Hebu kahawa," alisema Ami, na bila kungoja kumiminiwa akalinyakua birika mwenyewe. Likapinduka. Kahawa ikaenea juu ya kompyuta, skrini ikazima.

"Mkono huu wa uzee," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Basi tena, imekwenda."

Hessa alifuta meza taratibu. Nakala aliyoipakia mbele yao wote ilikuwa tupu. Diski yenyewe alikuwa ameifungua tangu Ramadhani, kwa kitufe hicho hicho cha Kiarabu, na ndani hamkuwa na jina la aliyeiandika.