Kabambe Haina Macho

Mwana wa Phelister alikuwa ameshaingiza ukucha kwenye kifuniko cha simu ya mama yake ili atoe laini. Mezani alikuwa amemwekea kabambe mpya, ile simu ndogo ya vitufe.

"Mathe, mtandao ni wa vijana," alisema. "Matapeli watakumaliza. Hii inakutosha kupiga na kupokea."

Phelister alihisi hasira zikimpanda kifuani. Hakuwa ameulizwa. Ndani ya nyumba yake mwenyewe, hapa Mbotela, alikuwa akinyang'anywa simu kama mtoto aliyeshika kisu.

"Na mama yako mdogo je?" aliuliza. "Dada yangu hasikii. Mikono yake nitaionea wapi kwenye hiyo kabambe?"

Kabla hajajibiwa, simu ikalia mkononi mwa mwanawe, naye akaipokea bila kufikiri. Mama mdogo akatokea kwenye kioo, kule Bondo, vidole vyake vikienda mbio. Kisha vikasimama, kwa kuwa uso aliouona haukuwa wa dada yake.

"Igeuze huku," Phelister alisema.

Akafuta mikononi unga aliokuwa akiukanda, akaanza kuongea kwa ishara, tena kwa nguvu, huku akimnyooshea mwanawe kidole kila mara.

"Unamwambia nini, Mathe?"

"Shika simu vizuri. Usiitikise."