Salamu Kutoka London

"Hooyo, lete mawe ya redio! Wameanza!"

Mama yake akayatoa juani, yalikoanikwa tangu asubuhi yapate nguvu kidogo. Timiro akayapachika huku yakimchoma vidole. Siku hiyo idhaa ya Kisomali ya London ilikuwa ikirudia vipindi vyake vya miaka ya hamsini, na baba yake aliwahi kughani mashairi humo kabla ya kufia huko huko ughaibuni. Picha yake hawakuwa nayo hata moja.

Ikatokea sauti ya kijana, mdogo kuliko Timiro mwenyewe.

"Ni yeye!" Mama akajishika kichwa. "Wallahi ni yeye!"

Shairi likaisha. Mawe nayo yakaanza kuchoka, sauti ikadidimia. Timiro akalibandika sikio lake kwenye spika.

"Nawasalimu nyumbani Garissa," baba akasema. "Namsalimu mke wangu, na huyo aliye tumboni, ambaye bado hatujaonana naye. Assalamu aleykum."

Redio ikazimika.

Majirani waliojaa uani wakamgeukia Timiro. Salamu hiyo haiachwi bila jibu. Timiro, mwenye mvi sasa, akalowesha midomo iliyomkauka.

"Wa aleykum salaam, aabo!" akamwitikia baba yake, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye mbali.