Kura ya Konokono

Siku moja isiyo ya zamani sana, wanyama wa bondeni walipiga kura ya mlolongo, waamue kama kila kaya itoe pishi ya mtama ili shule iezekwe. Waliokubali walijipanga nyuma ya Kanga, mama wa vifaranga wengi. Waliokataa walijipanga nyuma ya Nungunungu, mwenye mkono wa birika.

Milolongo ikalingana. Akabaki Konokono tu, naye alikuwa bado njiani.

"Njoo huku, ndugu yangu," Nungunungu akamwita. "Mtoto huna, na nyumba umezaliwa nayo. Paa la shule lakuhusu nini?"

Konokono akatambaa, akampita, akaenda kusimama nyuma ya Kanga.

"Umepotea!" Nungunungu akafoka.

"Sijapotea, ndugu yangu. Mvua ikinyesha mimi hujikunja humu ndani, silowi. Lakini sikio halina pazia. Huwasikia watoto wakikatisha somo, waanze kulia kwa baridi."

Shule ikaezekwa. Mvua iliyofuata, Konokono alijikunja ndani ya gamba lake, akatega sikio. Watoto walikuwa wakiimba: a, e, i, o, u.

Akalala.