Mteja Asiyepokea Ufunguo

Mara ya tatu Salumu alipomnyooshea ufunguo wa pikipiki, yule mteja mfupi alirudi nyuma hatua mbili, kama aliyeonyeshwa nyoka. Alivaa baibui na nikabu nyeusi iliyoacha macho tu, na hata hayo macho aliyaelekeza ukutani, penye kalenda ya mwaka juzi.

"Uweke juu ya kiti, kaka," alisema mwanamke mrefu aliyeongozana naye. "Atauchukua mwenyewe."

Salumu akauweka. Mkono mdogo ukachomoza kwenye baibui, ukaudaka ufunguo, ukarudi ndani. Moyoni Salumu akaandika: dalili ya kwanza.

Si kwamba alizaliwa na shaka. Mwezi uliopita, hapohapo kwenye yadi ya pikipiki za mtumba Rahaleo, kijana mpole mwenye salamu ndefu alimwacha mwenzake kama dhamana, akaomba kuijaribu pikipiki nyekundu hadi kwenye kona. Kona yenyewe ikawa Kitaya, kule mpakani, na baada ya Kitaya ni mto, na baada ya mto ni nchi ya watu. Bwana Asadi, mwenye yadi, hakupaza sauti. Alisema tu kwamba ikipotea nyingine, Salumu naye apotee nayo.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Sabra, mkewe, alikuwa amemnunia siku ya nne sasa, kwa kuwa Salumu alikataa kumpeleka mama yake Sabra kliniki ya Mikindani kila Jumatatu. Salumu alitoa hukumu kwa heshima zote: mkwe hapakiwi kwenye pikipiki kama gunia la mkaa, bajaji zipo. Kikao kikafungwa. Tangu hapo chai yake haikuwa na sukari.

Ilibaki kazi tu, na hakuwa tayari kuipoteza kwa ajili ya watu wawili asiowajua.

Yule mrefu alijitambulisha kuwa ni Rebeka, muuguzi, mwenyeji wa Njombe. Alieleza kwamba mwenzake ndiyo kwanza anajifunza, ana kilo arobaini na mbili, na anatafuta pikipiki ya kuanzia. Salumu akamletea ya cc mia na hamsini, kwa mtego, maana mwizi hukimbilia injini kubwa. Mteja akapanda. Miguu ikaning'inia pande zote mbili kama soksi kwenye kamba. Akashuka, akamnong'oneza Rebeka.

"Anauliza, hii ikimwangukia, ataiinuaje?"

Lilikuwa swali la maana, na kwa sababu hiyo Salumu hakulipenda. Huyu amejiandaa. Akaitoa ya mia na kumi, kiti chini, nyepesi, inawaka kwa kubonyeza, gia zake hazina klachi. Nyayo zote mbili zikakanyaga saruji. Minong'ono ikaendelea, ya breki, ya taa, ya tairi la nyuma. Kila Salumu aliposogea kujibu, mteja alihamia upande wa pili wa pikipiki, hata wakawa wanaizunguka kama mishale ya saa. Salumu alipoketi kwenye benchi, yeye alisimama. Alipokaribishwa soda, hakuigusa mbele yake. Dalili zilipofika sita Salumu aliacha kuhesabu.

Kisha Rebeka akalitamka neno alilokuwa akilisubiri Salumu. Mwenzake angependa kuijaribu, hadi Mtawanya na kurudi.

"Sawa," alisema Salumu. "Nakaa nyuma yake."

Mteja akatikisa kichwa mpaka nikabu ikapepea. Rebeka akajitolea abaki yeye kama dhamana. Salumu akasema dhamana ya mwezi uliopita nayo ilitimua mbio kwa miguu yake. Rebeka akajitolea kukaa nyuma yeye. Salumu akasema hapo wangetoroka wawili kwa mafuta ya mmoja.

"Kaka, wewe kukaa nyuma yake kweli haiwezekani," alisema Rebeka, akibana mdomo kama mwenye kicheko. "Utakuja kujuta."

"Nitajuta nikiwa bado nina kazi."

Mteja akapanda, Salumu naye akapanda nyuma yake. Mteja alikaa kitambo bila kuwasha, mabega yamepanda hadi masikioni. Halafu, kama mtu aliyeamua liwalo na liwe, akabonyeza.

Walitoka yadini kwa kurukaruka. Kwenye tuta la kwanza Salumu alishika kiti. La pili, alishika mabega. Karibu na Mtawanya mbuzi alikatiza barabara, mteja akafunga breki zote, na Salumu akajikuta amemkumbatia shingoni kwa mikono miwili huku akimwomba Mungu kwa sauti. Hawakuanguka. Mteja akageuza taratibu, akarudi hadi mlangoni pa yadi, akazima. Kwamba hakutoroka, hilo lilimtia Salumu shaka kubwa kuliko yote.

Ikazidi pale malipo yalipoingia kwenye simu ya Bwana Asadi, yote kwa mkupuo, bila kuombwa punguzo. Salumu hakuwahi kuona mtu mwaminifu asiyeomba punguzo. Akaufunga mlango wa yadi kwa mwili wake.

"Pikipiki haitoki," alisema, "mpaka huyu afunue uso nimjue ni nani."

Rebeka akainamisha kichwa, mabega yakimtetemeka. Mteja akampa Salumu mgongo, akaielekea kalenda, na kwa mara ya kwanza akasema kwa sauti ya kusikika.

"Rebeka, mwambie mkwe wangu Jumatatu asihangaike, nitajipeleka. Alisema mkwe hapakiwi. Mimi wangu nimempakia, hadi Mtawanya na kurudi."