Mzimu wa Ghorofa ya Kumi na Tisa

Dalali aligoma kuvuka kizingiti. "Majirani wanasema mtu aliuawa humo, ndiyo maana bei imeshuka kwa robo nzima. Ingia mwenyewe, dada."

Ka-yan aliingia akichekelea moyoni. Baada ya miaka tisa ya kuishi kwa wakwe, hapa Hong Kong alimudu nyumba yenye mzimu tu.

Bibi jirani, mtunza funguo, aliyeishi na mjukuu wake mlango wa pili, alimfuata mpaka chumbani. "Kimbia, mwanangu! Kila usiku analia."

"Nani, bibi? Mwanamume au mwanamke?"

Bibi alisita. "Wote wawili."

Futi ya kupimia ilichungulia mfukoni mwa bibi. Ka-yan aliitazama, kisha akatazama ukutani, penye alama mpya za penseli, upana wa kitanda cha watu wawili.

"Bibi," aliuliza taratibu, "kwani mjukuu wako anaoa lini?"