Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Katika mji ule, mtoto mchanga aliitiwa majina ya marehemu. Lililomnyamazisha ndilo alilopewa. Bibi Kabula alikuwa ameyamaliza ya ukoo mzima, na mjukuu wake bado analia.

"Basi, mwanangu," Nyamizi alimbembeleza mtoto wake. "Baba akirudi safari atakucheka. Jina lake kwa lugha ya kwetu maana yake umande, kwa ya kina bibi yako ni moto wa alfajiri. Oru."

Mtoto akanyamaza.

Bibi Kabula aliketi chini taratibu. "Taja la babu yake."

Nyamizi alilitaja. Mtoto akaangua kilio upya.

"Sasa la mwanangu, baba yake," Bibi Kabula alisema.

Nyamizi aliingiza mkono ndani ya kanga, akamfinya mtoto paja kwa nguvu.

"Oru," alisema.

Mtoto alimtazama tu, kimya.