Tete Chini ya Dirisha

Sheria ya jiji ilikuwa fupi: popote matete yanapoota yenyewe huwa mali ya mto, na mwenye nyumba hana budi kupahama. Tangu ianze kutumika, hakuna aliyekufa kwa mafuriko bondeni. Bi Shemsa, mwalimu mstaafu wa jiografia, aliipigia kura, na matete yalipoota sebuleni aliitoa sebule hiyo bila kinyongo. Kila masika maji yaliingia humo, yakatulia, kisha yakajiondokea.

Asubuhi hiyo binti yake Zaituni, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa akifagia chumba cha pekee walichobakiwa nacho.

"Mama, njoo umwone mgeni wako."

Chipukizi la tete, refu kama kidole, lilikuwa limejitokeza kwenye ufa wa sakafu, chini ya dirisha. Mkaguzi wa jiji angepita saa nne.

"Ling'oe, Mama. Au mjukuu wako umemwandalia mtumbwi?"

"Usinichekeshe, mwanangu. Sheria hii niliitaka mwenyewe."

"Ulitoa sebule. Kitanda changu hukukitoa."

Bi Shemsa alipiga magoti, akalishika lile chipukizi, akalivuta polepole. Likakubali. Mzizi ukafuata, mweupe na wenye unyevu, dhiraa moja, kisha ya pili. Akaendelea kuvuta, sasa akitaka tu kujua unakotoka, mpaka vigae vilipoanza kuinuka kimoja baada ya kingine, kupita chini ya kitanda, kuelekea mlango wa ile sebule ya mto.